Kuku Aliyekalia Kiti cha Sultani

Wewe unayebetua midomo hapo hata sijaanza, irudishe mahali pake. Najua utakalosema: kuku hawezi kumshinda Sultani. Je, umepata kumwondoa kuku anayelalia mayai? Hebu nyoosha mkono tuone kovu. Huna. Basi hujui kitu; kaa chini, kunja miguu, usikilize.

Hapo zamani, katika mji wa Mkunguni, alitawala Sultani Mwinyi Jabu, mtu mnene, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kutia muhuri. Neno likimtoka kinywani, halijapoa, limekwisha andikwa. Na likisha andikwa halifutiki, kwa kuwa marehemu baba yake alimwapisha kitandani asifute hata siku moja andiko lenye muhuri wa nyumba yao. Basi maandiko yakawa yanazidi tu, mengine ya maana, mengine ya kuchosha watu. Na moja katika hayo ya kuchosha lilisema hivi: kila nyumba yenye kuku ilete yai moja jikoni kwa Sultani kila Ijumaa asubuhi.

Nyuma ya uwanja wa wasokota kamba alikaa bibi mmoja, Bi Kazija binti Shali. Mume hakuwa naye, shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kuku mmoja wa mbegu fupi, wale wenye manyoya mpaka vidoleni, ukimwona kwa mbali utadhani mtu kaangusha kilemba uani. Kuku huyo aliitwa Shangazi, kwa jinsi alivyofoka. Mayai yake yalikuwa madogo, lakini hayakukosekana. Moja lilikwenda kwa Sultani, na yaliyobaki Bi Kazija akayabadilisha kwa unga na mafuta ya nazi, akaishi.

Watu walisema Bi Kazija hazimtoshi, maana alizungumza na kuku wake, tena alingoja ajibiwe. Yeye hakuwakanusha. Tangu walipomwona mjinga, hakuna aliyemsumbua tena kwa vikao vya ukoo.

Ikawa mwaka mmoja mgeni wa mbali akamletea Sultani kware kumi ndani ya tundu, kware wa kufugwa, si hawa wa porini. Tabibu akasema mayai yao mabichi, matano kila asubuhi, huondoa kikohozi. Sultani akayanywa, kikohozi kikapungua, au yeye alisema kimepungua. Na tamaa ikamwingia, akataka kware wajae ua mzima. Akaamuru mayai yaachwe yaanguliwe.

Kware wakataga huku wanatembea, wakayaacha pale yalipodondoka, wakayakanyaga. Waziri Mbaruku, mtu aliyeamini kuwa kila kiumbe huendeshwa kwa amri, akamweka askari mwenye mkuki awasimamie wakae. Hawakukaa. Akaagiza kware mmoja afungwe kwa kitambaa juu ya mayai. Kware akapinduka chali, mayai yakapasuka, na askari akanuka wiki nzima, hata mkewe akamtandikia nje.

Ndipo mpishi wa jumba akasema, "Maulana, unisamehe. Kware wa kufugwa wamesahau kulalia tangu enzi za bibi zao. Mayai yao huwekewa kuku mdogo, maana kuku mkubwa atayavunja. Na kuku mdogo yupo kwa Bi Kazija. Hivi sasa amelalia mbatata, na ukipeleka mkono unarudi na damu."

"Aitwe," akasema Sultani.

Bi Kazija akaja na kanga zake mbili zilizopauka, akasimama mbele ya baraza.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba. Ewe bibi, nasikia kuku wako analalia mbatata."

"Leo siku ya tatu, Maulana. Nimemwambia humo hamtoki kitu. Ananitazama tu."

Baraza lote likacheka, na Sultani akacheka kuliko wote, tumbo likamtikisika.

"Basi nitampa kitu bora kuliko mbatata. Nitampa mayai ya kware kumi na matano, ayalalie siku kumi na saba, anitolee vifaranga."

"Ni heshima kubwa. Na desturi ya mji waijua, Maulana: mwenye mayai na mwenye kuku hugawana vifaranga nusu kwa nusu."

"Hiyo desturi ya watu na majirani zao. Vifaranga vyangu ni vyangu."

"Haya, vyako. Basi yai la Ijumaa nisamehewe mpaka amalize. Kuku akilalia hatagi. Hufanya moja katika mawili."

Waziri Mbaruku akakohoa kikohozi cha kujitafutia nafasi. "Maulana, usimsikilize. Bibi huyu kila kuku wake anapolalia huazima yai kwa majirani, akalileta kana kwamba ni lake. Akisamehewa yeye, kesho mji mzima una kuku wanaolalia."

Sultani akakunja uso. Hakupenda kusikia ya kuwa amekula mayai ya kuazima.

"Basi sikiliza, Bi Kazija. Kuku wako atalalia mayai yangu, na Ijumaa nyumba yenye kuku huyo italeta yai, na yai hilo liwe la kuku huyohuyo, si la jirani. Lisipoonekana, kuku ataingia chunguni, nami nitamla kwa wali wa nazi. Mbaruku, andika!"

Kalamu ikaanza kukwaruza. Bi Kazija akaisikiliza. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Bila Shangazi hakuna unga, bila unga hakuna uji, na kwa umri wake hakuwa na mahali pa kuanzia upya. Akatazama sakafu. Kisha akatazama muhuri uliokuwa juu ya meza, mzito kama jiwe la kusagia, na akili yake ikaanza kutembea.

"Nimesikia na nimetii," akasema. "Lakini Maulana, mimi ni mjinga, nitilie neno moja tu kwenye karatasi hiyo. Kuku anayelalia akiondolewa, mayai hupoa, na yakipoa nitalaumiwa mimi. Wapo paka, wapo watoto, na wapo askari wako wenye mikuki na vitambaa."

Askari yule akainamisha kichwa.

"Kweli," akasema Sultani. "Andika, Mbaruku: kuku huyu yumo katika kazi ya Sultani. Alipokaa ni pake. Mtu atakayemwondoa, au kuyagusa mayai yaliyo chini yake, kabla vifaranga havijatoka, atavuliwa kilemba na kuzungushwa mjini juu ya punda, uso umeelekea mkiani."

"Mtu gani, Maulana? Pengine mtu mkubwa, ana haraka zake."

"Mtu yeyote awaye yote!"

"Hata akiwa mkubwa sana?"

"Bibi wee, umekuwa kiziwi? Awe mkubwa kama nani! Tia muhuri!"

Muhuri ukaanguka, paa. Bi Kazija akarudi kwake.

Kesho yake alfajiri akampaka Shangazi majivu chini ya mabawa, maana utitiri humfanya kuku aache mayai katikati ya kazi. Akamtia ndani ya tenga, akaenda jumbani kuchukua mayai. Mpishi akamwingiza ukumbi wa baraza, akamletea mayai ya kware ndani ya bakuli, madogo, yenye madoadoa kama yamerushiwa wino.

"Haya, yabebe uende," akasema mpishi.

"Niyabebe mpaka uwanja wa kamba, nikijikwaa je? Ni mayai ya Sultani haya. Ngoja nitazame mahali humuhumu."

Akagusa sakafu: jiwe tupu, baridi. Akaenda dirishani: upepo. Akakizunguka kiti cha enzi. Juu yake palikuwa na mto wa mahameli nyekundu uliojazwa sufi, umebonyea katikati kwa miaka mingi ya kukaliwa, kingo zake zimeinuka pande zote, na nyuma yake pazia la kukinga upepo. Bi Kazija akaubonyeza mto kwa kiganja. Hata angekipima na kukisuka kwa mikono yake, asingepata kiota kama hicho.

"Kiti hiki kina mtu?" akauliza.

"Hakina. Sultani yuko hamamuni," akasema mpishi, kisha akaona bakuli linainamishwa. "We bibi! We bibi, hapo ni..."

Alipomaliza kusema, mayai yalikuwa yamekwisha lala juu ya mto, na tenga limefunguliwa. Shangazi akatoa shingo. Akayaona mayai. Akapanda, akayasogeza kwa mdomo moja moja, akajifutua manyoya, akaketi.

Sultani akatoka kuoga ananukia udi, baraza lote nyuma yake. Akafika kwenye kiti, akasimama.

"Nini hiki?"

"Mfanyakazi wako, Maulana," akasema Bi Kazija. "Ameanza kazi."

"Mwondoe!"

"Mimi? Kilemba sina, Maulana, lakini punda ninamwogopa."

"Mbaruku, mwondoe!"

Waziri akapeleka mkono nusu ya njia. Kisha mkono ule ukapanda wenyewe, ukashika kilemba. "Maulana, andiko..." Sultani akamtazama askari, askari akatazama dari. Basi Sultani kwa hasira akanyoosha mkono wake mwenyewe, na Shangazi akamdonoa kwenye kidole cha pete, damu ikatoka.

"Ametangulia kukuokoa, Maulana," akasema Bi Kazija. "Maana umesema mtu yeyote awaye yote, awe mkubwa kama nani. Nami niliuliza mara mbili."

Sultani akanyonya kidole chake, akamtazama waziri, akatazama muhuri, akamtazama kuku. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nileteeni kibao." Wakamletea kibao cha jikoni, cha kukalia wapishi, akakaa juu yake, magoti yakakaribia kidevu, akasikiliza mashauri siku nzima. Wageni waliokuja wakainama mbele ya kiti kama walivyozoea, kisha wakaona wamemwinamia nani.

Ijumaa ikafika. Waziri Mbaruku akasimama na karatasi mkononi, anatabasamu. "Bi Kazija, yai la kuku wako liko wapi?"

"Soma andiko, Bwana Waziri. Mimi kusoma kwangu si kwingi."

Waziri akasoma: "Ijumaa nyumba yenye kuku huyo italeta yai..."

"Hapo hapo. Nyumba yenye kuku huyo ni ipi? Kwangu mimi lipo tenga tupu na mbatata moja. Kuku amekaa hapa tangu jana, na alipokaa ni pake. Nyumba ni ya Sultani. Basi umdai Sultani."

Waziri akafungua mdomo. Sultani juu ya kibao akaufungua wake.

"Na Maulana asipoleta yai?" akauliza tabibu, ambaye hakuweza kujizuia.

"Basi kuku aingie chunguni," akasema Bi Kazija. "Andiko ni andiko. Bwana Waziri, mtoe umpeleke. Punda nimemwona hapo nje, anakula."

Hapo Sultani Mwinyi Jabu akaanza kutikisika. Walidhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda toka chini kabisa, na kilipofika juu akaanguka kutoka kwenye kibao, akabaki sakafuni anapiga jiwe kwa kiganja. "Mbaruku!" akasema alipopata pumzi. "Nimejifunga kamba mwenyewe, nikaipigia na muhuri!"

Basi ikawa siku zikaenda hivyo. Kila asubuhi Shangazi alishuka mara moja, akala mtama, akanywa maji, akajisaidia kwenye zulia la Sultani, akarudi kazini. Mashauri yakawa yanakatwa upesi, maana hakimu, Sultani mwenyewe juu ya kibao, alikuwa anaumwa nyonga. Na siku ya kumi na saba, katikati ya shauri la watu wawili waliogombea ukuta, ikasikika sauti nyembamba chini ya kuku. Kisha nyingine. Vikatoka vifaranga kumi na vitatu, kila kimoja kama nyuki mkubwa, vikakimbia juu ya mahameli na kuingia mabawani mwa Shangazi.

Sultani akachuchumaa kuvitazama kama mtoto. Akakichukua kimoja kiganjani, kikapiga kelele mpaka akakirudisha.

"Andiko limekwisha, Maulana," akasema Bi Kazija. "Vifaranga vimetoka. Naomba ruhusa na kuku wangu."

"Na hivi?"

"Hivi ni vyako vyote, ulisema. Lakini vikikosa mama usiku wa leo tu, kesho utavizika."

Sultani akajikuna kichwa. Akafahamu. "Vichukue vyote ukavilee. Vikiota manyoya, tutagawana nusu kwa nusu, kama majirani. Na Mbaruku, keti uandike: nyumba yenye kuku anayelalia haidaiwi yai, na yai likiletwa, asiulizwe mtu ni la nani." Muhuri ukaanguka. "Nawe mwenyewe, bibi, omba kitu."

"Huo mto," akasema Bi Kazija. "Shangazi ameuzoea. Na wewe, kwa jinsi mto ulivyo sasa, huwezi kuukalia tena."

Wakautazama mto. Kweli.

Sultani akacheka tena, akamtwalia mto kwa mikono yake, akampa. Furaha ikamzidi, hakutaka aondoke. "Bi Kazija, usiende bado. Kaa ule na mimi chakula cha mchana. Leo mpishi ametengeneza supu nzuri ya kuku."

Bi Kazija akamtazama Sultani. Akamtazama Shangazi. Akamtia Shangazi na vifaranga ndani ya tenga, akalifunika, akaukaza mto kwapani, akatoka, na mlango ule mkubwa ambao askari wanne huufunga, akaufunga mwenyewe.