Mgomba wa Bibi Nakijwa

"Kabla ya kumchimbia mzee kaburi, uliza jana alilima wapi." Methali hiyo mmeisikia leo wodini, manesi wangu wachanga, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka kwenye kosa langu mimi, kwa hiyo kaeni, na asinikatize mtu.

Nilikuwa nesi kijana katika hospitali ndogo milimani Upare. Asubuhi moja Mbonea alimleta mama yake, Bibi Nakijwa, mwenye miaka tisini na mbili. Amelegea, maneno yake hayaeleweki, presha iko chini. Daktari akasema maambukizi ya figo yameingia kwenye damu, akaandika dripu na sindano, kisha akaitwa kwenye upasuaji.

Mimi nikatazama ile tisini na mbili tu. Nikamwambia Mbonea, kwa upole wa mtu anayejifanya anajua, kwamba umri ule hauvuki ugonjwa ule, bora mama akafie kwake. Masikini, akaniamini. Akapiga simu nyumbani, vijana wa ukoo wakaanza kuchimba kaburi.

Daktari alitoka akamkuta bibi mlangoni, juu ya machela, kafunikwa kanga. Hakunigombeza. Alimgeukia Mbonea.

"Jana mama alikuwa anafanya nini?"

"Jana asubuhi? Alikuwa shambani, anapalilia tangawizi."

"Nani alimpeleka?"

"Ampeleke nani, daktari? Alipanda mlima mwenyewe."

"Basi bado ana nguvu za kupigana. Siahidi kwamba atapona, lakini mrudisheni kitandani."

Nilimchoma sindano ya kwanza nikiona aibu. Siku mbili hakutujua. Ya tatu akaomba uji, akalalamika hauna sukari.

Nyumbani shimo lilikuwa tayari, na kwao kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Bibi aliporudi akaagiza lijazwe udongo na samadi, akapanda mgomba humo kwa mkono wake. Mwaka uliofuata alikuja hospitali kwa miguu, Mbonea nyuma yake kabeba mkungu wa ndizi. Wakautua mbele yangu.

"Kula, mjukuu wangu," bibi akasema. "Zimetoka kaburini kwangu."

Nilikula huku nalia. Tangu hapo nimewafumba macho wazee wengi, wengine wadogo kwake, waliokuwa hawajainuka kitandani kwa miezi. Lakini sijamhukumu tena mtu kwa miaka yake peke yake. Kabla ya kumchimbia mzee kaburi, uliza jana alilima wapi.