Mama wa Nguzo za Marumaru

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wahenga hawakusema kwamba kuazima ni dhambi, maana ni nani asiyewahi kuomba kanga ya jirani aende nayo msibani? Walimaanisha kuwa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine hukubana unapotaka ikuachie, na hukuachia unapotaka ikubane, tena mbele za watu. Elisha aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliijua kwa kuikariri, na kukariri ndiko kulikokuja kumponza.

Elisha alikuwa karani katika ofisi moja mjini Singida, na sifa yake kubwa ilikuwa ulimi. Harusi ikiwepo, anaitwa yeye. Mstaafu akiagwa, anaitwa yeye. Kumbe maneno hayakuwa yake. Mtandaoni aligundua hotuba na insha za watu wa kale, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, bure kabisa. Alizisikiliza akienda kazini, akipiga pasi, akisubiri chai ichemke. Hilo lilikuwa jambo jema, laiti angeishia kusikiliza. Lakini kila alipoona neno tamu alilimeza, kisha akalitoa ukumbini kana kwamba limechimbuka kifuani mwake. Watu walipiga makofi, naye akanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Mama yake, Dorkas, aliishi bondeni chini ya Kilimatinde pamoja na binti yake Rahabu. Mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, Elisha hakuja. Alikuwa na kazi. Kila mwezi alikuwa na kazi. Badala yake alimtumia dada yake zile hotuba kwa simu, na ujumbe: "Mwekee mama kwenye redio asikilize, giza lisimchoshe." Rahabu akazitia kwenye memori kadi ya redio ndogo, akaiweka kando ya kigoda cha mama. Elisha akajiona mtoto mwema kuliko wote, kisha akasahau.

Mungu si Athumani. Dorkas alipasuliwa macho akaona tena, na familia ikaandaa sherehe ya shukrani. Siku chache kabla yake, alimpigia mwanawe simu.

"Elisha, mwanangu, siku hiyo utasema wewe. Nina ombi moja tu. Uiseme ile safari ya mlimani."

"Nitaisema, mama."

"Sijawahi kuisikia kwa kinywa cha mtu mwingine, baba. Nataka niisikie kwako kabla sijafa."

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Elisha akiwa mdogo alishikwa na degedege usiku wa masika, baba yake akiwa mbali kwenye kibarua. Dorkas alimfunga mgongoni, akapanda mlima peku hadi hospitali ya misheni. Njia nzima alikuwa akiimba ili mtoto aitikie kwa kuguna, na kila alipokawia kuguna, mama alikimbia. Lakini Elisha aliiona hadithi hiyo ni ya kimaskini mno. Mkuu wake wa kazi alikuwa amealikwa. Angewezaje kumwambia mtu yule kuwa mama yake alipanda mlima bila viatu? Akaifukia safari, akachagua hotuba ya msemaji mmoja wa kale aliyemsifu mama yake. Akabadilisha zeituni kuwa alizeti, akaona imemkaa sawasawa.

Siku ikawadia. Chini ya turubai palikuwa na ugali wa uwele, mlenda, na nyama ya mbuzi. Elisha alisimama ndani ya suti, akashika kipaza sauti. Hata salamu ya "mbukwenyi" hakuitoa, naye amesimama mbele ya wazee wa Kigogo! Alianza tu:

"Enyi raia wa mji huu mkuu! Mama yangu alinilea katika nyumba yenye nguzo za marumaru, chini ya taa ya mafuta ya alizeti. Bahari ilipochafuka, yeye hakuyumba..."

Wazee walitazamana, kisha wakaitazama nyumba ya tembe, ya miti na udongo, iliyokuwa mbele yao. Mkuu wa kazi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na Elisha akapata moto. Sauti ilipanda ikashuka kama ile aliyoizoea masikioni. Hakuona kuwa midomo ya mama yake ilikuwa ikitembea sambamba na yake, wala kwamba mara moja ilimtangulia. Aliifikia tamati, akainua mkono, na kwa kuwa ulimi uliokariri haujui pa kukomea, akanguruma:

"Mwisho wa sehemu ya tatu! Rekodi hii ni ya bure kwa watu wote!"



"Na sehemu ya nne ni lini?" akauliza mzee Naftali, jirani yao, kwa unyofu kabisa. Kicheko kikalipuka. Mkuu wa kazi aliinamia sahani yake. Elisha alitamani ardhi ipasuke immeze, jasho likamtiririka hadi kwenye kola.

Dorkas hakucheka. Alimtazama mwanawe kwa macho yale mapya.

"Sehemu hiyo naijua, mwanangu. Imenisindikiza gizani kuliko wewe. Lakini huyo mama wa marumaru uliyemsifu anaishi wapi, nami niende nikamsalimie?"

Elisha alifungua kinywa. Aliutafuta mlima, mvua, wimbo. Neno moja la kwake hakulipata, maana muda mrefu hakuwa amelitumia.

"Kaa, baba," mama akasema taratibu. "Safari ya mlimani nitaisema mwenyewe."

Akasimama. Katika desturi yao, mtu kujisifu mwenyewe ni fedheha, na kikongwe kufanya hivyo mwanawe akiwepo ni fedheha ya mwana. Dorkas aliwaamkia watu, kisha akasimulia mlima wake kwa sauti ndogo, bila kipaza sauti, macho chini kama mtu anayeomba radhi. Alipofika pale mtoto alipoacha kuguna, Rahabu alijifunika uso kwa kanga, na mzee Naftali akavua kofia. Elisha aliketi kati yao, ndani ya suti yake nzuri, akijiona yu uchi.

Hakika, nguo ya kuazima haisitiri maungo.