Mwasumini Usioguswa wa Sultani wa Kitopeni

Hapo zamani, amri zilipokuwa nyingi kuliko watu wa kuzitii, alikuwako Sultani wa Kitopeni, naye alikuwa na mwasumini mmoja aliokuwa akiupenda kuliko wakeze watatu. Akaupigia mbiu: mtu yeyote atakayeugusa kwa mkono au kwa chuma, kichwa chake si chake tena. Amri ikapigwa muhuri, ikatundikwa ukutani. Basi mwasumini ukalindwa na askari wanne na karani mmoja, ambaye kila jani likianguka aliliandikia barua ya kuomba ruhusa liokotwe. Ukarefuka, ukawa kichaka cha vijiti, na maua ukakataa kutoa hata moja.

Nyuma ya ukuta wa jumba aliishi Bi Mwanahija, mjane fukara, mwenye kibanda, beberu na mwasumini wake mmoja. Riziki yake ilikuwa kuchuma vitumba jua likishuka, kabla havijafumbuka, akavitunga vikuba pamoja na mrehani, wanawake wa mji wakavivaa kifuani. Harufu ikapanda ukuta, ikamfikia Sultani barazani pake bila kubisha hodi.

Ikawa bintiye Sultani ameposwa, na bibi harusi asiye na asumini ni aibu ya ukoo mzima. Sultani akamwita Bi Mwanahija.

"Ewe mama, mwasumini wako una nini hata ukachanua, na wangu hauchanui?"

"Seyyid yangu, wangu hauna cheo."

Waziri Fakihi akakohoa. Sultani akasema, "Harusi ni baada ya siku sitini. Nataka mti wangu uwe mweupe kwa maua, na amri yangu haitanguki: usiguswe kwa mkono wa mtu wala kwa chuma. Ukishindwa, wako utang'olewa uje upandwe hapa."

"Nami nitakula nini, Seyyid yangu?"

"Swali hilo liletwe kwa maandishi," akasema Waziri.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanahija akaja na beberu wake, akamfungua kamba mlangoni mwa bustani. Beberu hakusoma amri. Alianza na ncha, akashuka matawini, akala hata pakabaki mashina yasiyofika goti. Askari walitaka kumfukuza, wakakumbuka kwamba hawawezi kumkamata bila kuugusa mwasumini. Karani akaomba wino zaidi.

Waziri akaja mbio, kilemba mkononi. "Mwanamke wee, umeua mti wa Sultani."

"Mimi? Mkono wangu huu hapa, umeshika kamba. Na huyu chuma hana. Hana hata meno ya juu ya mbele, mtazame."

Sultani akaghadhibika, akataka kichwa cha mtu. Lakini amri iliposomwa mara tatu, mbuzi hakuonekana ndani yake. "Basi," akasema, "siku sitini zikipita bila ua, nautwaa mti wako."

"Na iwe hivyo, Seyyid yangu."

Zikaja mvua za vuli. Mwasumini, ambao hupenda kutoa maua kwenye machipukizi mapya, ukachipua kama mtu aliyetoka jela, na siku ya hamsini na nane jumba zima likanukia, hata Waziri akasahau kununa. Sultani akatoka, akatazama weupe ule, akainua mkono, kisha akaushusha.

"Na vitumba nani atavichuma, Seyyid yangu?" akauliza Bi Mwanahija. "Beberu hajui kutunga kikuba."

Sultani akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe miaka saba nalinda kuni." Akaibandua amri ukutani, akaichana kwa mkono wake. "Mama, mti wako ni wako milele, na kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Bustani."

"La, Seyyid yangu. Mimi sikuugusa, nawe u shahidi. Aliyefanya kazi ni huyu."

Basi waraka ukaandikwa, beberu akavikwa kilemba cha cheo, na Waziri Fakihi akapewa kazi ya kumkatia majani. Beberu alikila kilemba chake siku ile ile, wala hapakuwa na wa kumkataza, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi.