Aliyeiacha Taa Iwake

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Neno, kuna baba mmoja nataka mumfahamu. Msitazamane, hayumo humu. Au labda yumo, mtaniambia mwishoni.

Huyu baba alikuwa na mama yake mzazi, figo zimechoka. Kila Jumanne na kila Ijumaa alimpakia garini, wakaikamata barabara ya milimani kutoka Tukuyu mpaka hospitali moja Mbeya mjini, mama asafishwe damu kwa mashine. Akikosa siku moja, mwili unavimba. Akikosa mbili, ni msiba. Mnanielewa? Uhai wa mama yule ulikuwa umekaa juu ya magurudumu manne.

Sasa siku moja, pale mbele ya usukani, ikawaka taa ndogo ya njano yenye alama ya spana. Mnaoendesha mnaijua. Haipigi kelele wala haizimi injini. Gari bado linavuta vizuri, ila hiyo taa imehesabu safari zako zote, hata zile ulizomficha mkeo, na inakukumbusha tu: baba, oili imetumika vya kutosha, nipeleke kwa fundi. Hebu fikirini. Inawaka kabla hakijaharibika kitu! Mimi hilo peke yake linanishangaza mno.

Mama akauliza, "Mwanangu, hiyo inayowaka ni nini?"

"Pambo tu hilo, mama. Wewe pumzika."

Pale hospitalini maegesho ni finyu. Utaratibu wake, ufunguo unamwachia mlinzi wa getini, ili mwingine akitaka kutoka asogeze gari lako. Mlinzi mwenyewe mtu mzima, kofia imempauka, zamani alikuwa fundi magari mpaka gereji yake ilipobomolewa kupisha barabara. Alipolisogeza lile gari siku hiyo, akamfuata yule baba mbio.

"Bosi, samahani. Taa ya sevisi inawaka, na oili nimeichungulia, nyeusi tii. Na ile milima yenu..."

"Kwani wewe umeajiriwa geti au gereji?"

Watu wakacheka. Mlinzi akarudi getini kwake. Tangu siku hiyo, kila yule baba akitoka, alimtupia hela ya soda bila kumtazama usoni.

Ikapita miezi mitatu, sita, ukapita mwaka. Taa inawaka, gari linapanda milima. Loo, baba wa watu akapata kichwa! Kanisani kwao akasimama kushuhudia: "Bwana asifiwe! Taa inasema gari litakufa, mimi nasema halifi!" Vigelegele, vitenge vinapungwa. Akawa mwalimu wa majirani: msipoteze hela kwa mafundi, hizo taa wametuwekea ili tuogope.

Ikafika Ijumaa moja. Mama ameshatoka kwenye mashine, kakaa kiti cha mbele, hoi. Mlinzi akaleta ufunguo, lakini safari hii hakuondoka.

"Bosi, leo namaliza mkataba. Narudi kwetu Kyela nikalime. Nakuomba kitu kimoja. Kuanzia Jumanne, iamini hiyo taa."

Yule baba akacheka. "Mwaka mzima inawaka, mzee, na gari linakwenda!"

"Fungua boneti."

Akafungua, ili mradi amalizane naye. Mlinzi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akamwekea mbele ya macho. Jamani, oili ilikuwa na rangi ya asali.

"Oili ya mwaka mzima," mlinzi akasema taratibu, "umeiona wapi ikawa hivi?"

Yule baba akakitazama tena kile kijiti. Pole pole ikamwingia. Zile saa nne nne alizokuwa anasinzia kwenye benchi wodini, kuna mtu alikuwa amelala juu ya boksi, chini ya gari lake, mikono imelowa oili. Si mara moja. Mara tatu.

"Na hela ya oili ulitoa wapi?"

"Kwani si ile ile ya soda, bosi?"

Akashikilia gari. Akakumbuka zile kona, korongo liko kushoto, mama amesinzia, na yeye anapiga mluzi. Kumbe!

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mama yako kila akipita hapa ananiuliza nimeamkaje. Ningemwachaje afie njiani?"

"Na taa je? Fundi mzima, hukuweza kuizima?"

"Kuizima ni kubonyeza kitufe tu. Oili naweza kukubadilishia bila wewe kujua. Lakini taa nikiizima, siku nikiwa sipo nani atakuambia?"

Hapo machozi yakamtoka, mbele za watu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Unaitwa nani?"

Aliyejibu ni mama, kutoka pale kwenye kiti. "Anaitwa Anyitike. Mwaka mzima, mwanangu, hata jina lake hulijui?"

Ndugu zangu, sisi je? Umeamka asubuhi hii, moyo umepiga usiku kucha, uliusimamia wewe? Umepita wapi na wapi, na vileo vyako, na hasira zako, na ukafika salama? Na tunasimama hapa kushuhudia kwamba sisi ni imara! Mimi nikikaa nikafikiria ni nani amekuwa akilala chini ya gari langu miaka yote hii, natetemeka. Siwezi hata kumaliza chakula.

Na ile taa? Ule mchomo unaokupata kila ukimpita ndugu yako usiyesalimiana naye, kila ukiigeuza simu mkeo akiingia. Umeomba mara ngapi uzimike? Unadhani Mungu ameshindwa kuuzima? Au unadhani amekasirika? Ameuacha kwa makusudi. Anakubeba, na bado anataka usikie.

Mlinzi yule mkataba wake uliisha. Mungu wetu hana mkataba wa kuisha. Unaoisha ni wa kwetu, na tarehe yake hakuna aliyeonyeshwa.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, yule baba alikuwa wa kwanza gereji. Fundi akapima oili, akashangaa. "Mbona safi kabisa? Umefuata nini?"

Akamjibu, "Taa imeniita mwaka mzima. Nimekuja kuitika."

Na wewe, ya kwako inawaka tangu lini? Tusimame tuombe.