Gari la Sultani Asiyetaka Kusikia

Palikuwa na Sultani wa Pongweni aliyechukia vitu viwili: jasho lake na sauti za watu wake. Wa kwanza kumpa Mize, fundi wa kushona, habari hiyo alikuwa Faki, dereva wa jumba, aliyefika kibarazani kwake mchana mmoja, kofia mkononi.

"Da Mize, zamu imekufikia," alisema. "Sultani anataka ndani ya gari lake pavalishwe upya. Joto lisiingie, sauti isiingie. Fundi akishindwa, cherehani yake inachukuliwa na jumba."

"Wameshindwa wangapi?"

"Watatu. Mmoja alijaza pamba. Mmoja alibandika makasha ya mayai. Wa tatu alitundika mazulia mpaka Sultani akawa anaingia kwa kutambaa."

"Na wote sauti zilipita?"

"Anasema zilipita. Masikio ni yake, nani atambishia?"

Mize aliitazama cherehani yake. Aliirithi kwa mama yake, na ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe mchanga. Kumbe kuna mtu mzima anayekusanya cherehani za mafundi kama mtoto anavyokusanya vifuniko vya chupa, na hajui hata kutunga uzi kwenye sindano!

Alipofika jumbani alimkuta Sultani amesimama kando ya gari, tumbo mbele.

"Wewe ndiye fundi? Mbona mdogo?"

"Gari nalo si kubwa, Bwana Sultani."

"Nataka mahameli. Nene!"

Mize akagonga mlango kwa kidole. Bati likalia kama debe tupu.

"Mahameli ni ya macho," alisema. "Bati hili linatetemeka, ndiyo maana linalia. Nitalibandika mpira mzito litulie. Darini nitaweka karatasi inayong'aa, ilirudishe jua lilikotoka, kisha sponji. Mwisho nitaizungushia milango mpira, pasibaki ufa. Mahameli tutaweka juu, upate cha kuonyesha wageni."

"Unanifundisha? Mimi napanda magari tangu hujazaliwa!"

"Na mbuzi wa mama alikula mahindi yetu miaka kumi, lakini hatukumwita mkulima."

Faki akakohoa. Sultani akavimba.

"Ulimi huo utakuponza!"

"Kwanza nimalize kazi, Bwana Sultani. Lakini niambie, kwa nini hutaki kusikia?"

"Kila nikipita wananipigia kelele. Kisima kimekauka, kisima kimekauka! Kwani mimi ni mvua?"

"Na wakikuinamia?"

"Wakiinama nawapungia mkono. Mimi ni mtu wa adabu."

Neno hilo Mize alilifunga kwenye pindo la kanga.

Kazi ilichukua siku tisa. Siku ya kumi gari lilianikwa juani tangu asubuhi, na adhuhuri mji mzima ukaitwa kwenye uwanja wa jumba. Sultani akaingia, akafunga mlango, akapandisha kioo. Wapiga ngoma, walioletwa kujaribu sauti, wakainua magongo yao.

"Pumzikeni," Mize aliwaambia.

Alikwisha kupima mambo. Jasho huonekana usoni, na mji mzima ungeshuhudia. Sauti ilikuwa na shahidi mmoja tu, masikio ya Sultani, na masikio hayo yalikwisha kusema uongo mara tatu.

Akasogea mbele ya gari, akainama mpaka chini, akasema kwa sauti kubwa:

"Sultani wetu, wewe ni mwizi wa cherehani!"

Watu wakashika vichwa. Sultani akatabasamu, akapunga mkono.

Bi Kombo, muuza maandazi, akapiga hatua mbele, akainama. "Na tumbo hilo limebeba futari ya mtaa mzima!"

Sultani akapunga mkono.

Basi, ikawa foleni. Kinyozi akainama, akasema lake. Mchimba kisima akainama, akasema manne. Bibi mmoja aliyekuja na mkongojo aliinama mara tatu, akadai ana ya zamani aliyoyaweka. Sultani akawapungia wote, meno nje, akiona jinsi anavyopendwa.

Mwisho Mize akarudi mbele.

"Bwana Sultani, nakuomba kesho asubuhi nichukue cherehani zote zilizo ghalani kwako, niwarudishie wenyewe. Ukiridhia, nipungie mkono."

Akainama. Sultani akapunga mikono yote miwili.

Alipotoka, uso wake ulikuwa mkavu kama unga.

"Joto halikuingia," alikubali, maana kila mtu alimwona. "Lakini sauti nimezisikia!"

"Umetusikia, Bwana Sultani?"

"Neno kwa neno!"

"Hata mimi, wa mwisho?"

"Wewe nimekusikia kuliko wote. Askari! Cherehani yake ipelekwe ghalani!"

Mize hakulia. Aliugeukia umati tu. "Jamani, mashahidi ni ninyi. Bwana Sultani amesikia."

Watu waliuma midomo mpaka wakafika majumbani kwao.

Kesho yake asubuhi Mize alimfunga mwanawe mgongoni, akaazima mkokoteni wa muuza mkaa, akaenda jumbani na wale mafundi watatu. Nusu ya mji ikawafuata. Askari wa ghala alikuwapo jana. Alisikia ombi, akaona na jibu. Akafungua. Cherehani ya nne ilikuwa inapakiwa Sultani alipotokeza, mswaki mdomoni.

"Wezi! Nani amewaruhusu?"

"Wewe, Bwana Sultani. Jana niliomba mbele ya watu wote hawa, ukanipungia mikono miwili."

"Uongo! Sikusikia ombi lolote!"

Mize alikaza kamba ya mkokoteni, akafunga fundo.

"Chagua moja, Bwana Sultani. Kama jana ulinisikia, tupishe tupite. Kama hukunisikia, foleni hiyo hapo langoni. Waanze upya mmoja mmoja, na leo huna mlango wa kufunga."