Maji Yaliyosemwa

Wahenga hawakutunga methali hii kwa ajili ya wambea, ingawa wambea ndio wanaoipenda zaidi. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Maana yake ni kwamba neno likitajwa na mtu mwenye sababu ya kulitaja, usilipuuze eti kwa kuwa hulioni mbele ya pua yako. Huenda bado liko njiani. Mwaka 1974, katika mbuga za Usangu, mkoani Mbeya, neno hilo lilikuwa maji.

Philbert Kalinga alikuwa mtoto wa Mlandege, Iringa mjini, lakini kazi ilimshusha Usangu. Kila siku saa tatu asubuhi alipima mvua kwenye chombo cha serikali, kisha akateremka mtoni kusoma kina cha maji kwenye ubao wenye namba. Yote aliyaandika daftarini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, jua liwake, mvua inyeshe. Mkewe, Juliana, alimtania kwamba hata siku ya mazishi yake ataamka kwanza akapime.

Mwaka huo Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Katibu Tarafa, Bwana Bartholomeo, alitakiwa hadi mwisho wa Oktoba awe amezikusanya kaya sitini katika kijiji kimoja, naye akachagua mbuga ya chini kando ya mto. Wengi wa watu hao walikuwa wafugaji wa Kisukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao wakikimbia ukame. Kwao mbuga ile ilikuwa heri tupu. Mfugaji aliyeunguzwa na jua akiona majani mabichi katikati ya kiangazi, haulizi yamenyweshwa na nani. Wenyeji wachache waliojua walinyamaza, maana siku zile kunyamaza kulikuwa salama.

Philbert aliuliza. Alifungua madaftari ya Mzee Timotheo, aliyemtangulia katika kazi ile. Mwaka uliofuata Uhuru, mto ulifurika na maji yakasimama mbugani wiki tano. Kwa namba zile, kijiji kizima kingezama.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama na daftari lake. "Novemba, milimita mia moja na kumi na mbili. Desemba, mia mbili thelathini na moja nukta nne. Januari..." Watu wakaanza kupiga miayo. Mzee Ndalahwa, mfugaji mrefu kuliko wote pale, alisinzia hadi fimbo ikamponyoka. Alipofika kwenye Machi, Katibu akamkatiza.

"Ndugu Kalinga, sisi tunalia na ukame, wewe unatutisha na mafuriko. Hayo maji yako wapi?"

"Kwa sasa hayapo, Ndugu Katibu."

"Basi kaa chini. Na ujiangalie. Anayewatia watu hofu anapinga Operesheni, na wapingaji tunajua pa kuwapeleka."

Philbert akaketi. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja. Angeufyata mkia siku ile, hakuna ambaye angemlaumu.

Watu walipotawanyika, alifuatwa na Nyamizi, mjane mwenye ng'ombe thelathini na wajukuu watatu. "Baba, nimekusikiliza tangu mwanzo. Hizo milimita mimi sizijui. Maji yatanifika wapi, gotini au shingoni?"

Miaka tisa hakuna aliyewahi kumwuliza Philbert hivyo, wala yeye hakuwahi kujiuliza. "Nipe siku mbili, mama," akasema. "Nitakuonyesha."

Aliazima kwa fundi mwashi ule mpira mwembamba wa kutilia maji, ambao mafundi husawazishia msingi wa nyumba. Alianzia kwenye ubao wa mtoni, kwenye namba ya mwaka ule wa mafuriko. Yeye alishika ncha moja, Nyamizi akashika ya pili, na kila maji yalipotulia sawa kwenye ncha zote mbili, walifunga kitambaa cheupe cha marekani kwenye shina la mti lililokuwa karibu. Mti kwa mti, kigingi kwa kigingi, wajukuu wakikwea palipozidi kimo cha mtu, waliivuka mbuga nzima.

Siku ya tatu Nyamizi aliwaita watu waje watazame. Waliingia mbugani kutoka upande wa mwinuko, na kitambaa cha kwanza kilikuwa kwenye kifundo cha mguu. Wakacheka. Cha tano kilikuwa kiunoni, na kicheko kikapungua. Walipofika palipopimwa nyumba zao, Mzee Ndalahwa alinyoosha fimbo yake juu ndipo akakigusa kitambaa. Watu walikuwa wakinong'ona kama wako kanisani. Kila mmoja alikuwa akitazama juu, akijiona yuko chini kabisa ya maji.

Katibu alifika akiwa amefura, tayari kuzuia mchezo ule. Alisimama palipowekwa vigingi vya ofisi yake, akainua macho.

"Una hakika yatakuja mwaka huu?" akauliza.

"Sina," Philbert akajibu. "Huenda mwaka huu, huenda baada ya miaka kumi. Ninachojua ni kwamba yaliwahi kufika hapa, na hakuna kilichoyafungia njia."

"Nimeahidi kijiji Oktoba."

"Kijiji utakipata, baba," Nyamizi akasema. "Kwetu tuna ngitili, malisho yanayofungwa. Hakuna anayejenga humo, ng'ombe huingia kiangazi tu. Hapa pawe ngitili yetu, sisi tukae kule mwinukoni."

Katibu akavuta pumzi. "Hameni. Lakini nikichekwa, Kalinga, tutachekwa wawili."

Na kweli walichekwa. Desemba ilipita kavu. Akina mama waliokuwa wakipanda mlima na ndoo vichwani walimsema Philbert bila kuteremsha sauti, na Ndalahwa alimbatiza jina la Bwana Gharika. Philbert alikonda kwa fedheha.

Machi mvua ikashika, haikuachia wiki tatu. Asubuhi moja watu walitoka nje wakakuta mbuga haipo. Palikuwa na ziwa, upeo wa macho, limetulia tuli na mawingu yote yamo ndani yake. Vilele vya miti vilisimama humo kama vichaka, na vitambaa havikuonekana hata kimoja. Mama mmoja alipiga magoti matopeni.

Katibu alizunguka nyumba hadi nyumba akihesabu watu kwa sauti. Kaya zote sitini zilikuwapo, hadi watoto wachanga. Akavua kofia.

Philbert alisimama ukingoni. Miaka tisa aliandika maji kwa namba, na hakuwahi kudhani kwamba namba zaweza kuwa kubwa kiasi kile. Alilia bila kujificha. Mzee Ndalahwa akaja akasimama kando yake, safari hii bila utani.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani unasema tu."

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.