Damu ya Tusekile

Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni nitawataka neno.

Hospitali moja ya milimani ilikuwa na watu watatu. Daktari Subilaga hakuwa na papara. Lugano wa maabara hakuyakubali majibu ya mashine mpaka yamwingie akilini. Nesi Atuganile alikuwa na mkono mwepesi, mgonjwa hakuisikia sindano yake.

Mama mmoja, Tusekile, alijifungua binti hapo, kisha mwili ukamlegea. Atuganile akamtoa damu. Majibu yaliporudi, Tusekile aliwasikia wakinong'ona: potasiamu, ile chumvi ya damuni, imepanda mno, moyo unaweza kusimama wakati wowote. Daktari akaandaa sindano ya kuishusha. Tusekile akamkumbatia mwanawe.

Lugano akaingia akihema.

"Daktari, subiri! Kalsiamu yake iko karibu na sifuri. Mtu wa hivyo angekuwa amekakamaa, na huyu ananitazama! Nahisi damu imechanganyika na dawa ya kichupa cha zambarau."

"Unahisi tu? Nikingoja, moyo ukasimama?"

Atuganile alijua kuwa akifungua mdomo, kibarua kitaota nyasi.

"Ni mimi," akasema. "Kichupa chekundu, kile kisicho na dawa, hakikujaa. Nikakijazia damu ya kile cha zambarau."

Kile cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ina potasiamu ndani yake, nayo huinasa kalsiamu ya damu.

"Hata hivyo, huenda anaumwa kweli," daktari akasema. Lakini akaiweka sindano chini. Damu mpya ikaingia moja kwa moja kwenye kichupa chekundu, Lugano akaondoka nayo mbio. Subilaga akabaki ameshika mkono wa Tusekile, akisikiliza mapigo. Kila moyo uliposhtuka, Tusekile alidhani ndio mwisho.

Potasiamu ikaonekana ya kawaida. Sindano ile ndiyo ingemuua. Kumbe alilegea kwa kupoteza damu nyingi akijifungua. Akaongezewa, akapata nguvu.

Ikabaki kumpa mtoto jina la aliyemwokoa mama yake.

"Lugano," mume wa Tusekile akasema. "Asingetia shaka, sindano ingeshaingia."

"Subilaga," akasema mama mkwe. "Angeharakisha, tungekuwa msibani."

"Mimi namtaka Atuganile," akasema Tusekile. "Angenyamaza, nani angejua?"

"Huyo huyo aliyekutia hatarini?" mama mkwe akafoka.

Wakabishana mpaka mtoto akalia, naye hana jina. Haya, ninyi mliosikia: mngemwita nani?